Mbio ndefu zinaharibu kizazi? Jibu kwa mama wa Ujiji

Swali: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yupo kidato cha pili hapa Ujiji. Kwenye mashindano ya shule alitoka wa kwanza mita 1500, na mwalimu wake wa michezo anataka aingie kambi ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania. Bibi yake mzaa baba amekataa. Anasema mbio ndefu zinaharibu kizazi cha msichana, tena mtoto wa Kiislamu hawezi kukimbia na bukta mbele ya umati. Mume wangu hasemi ndiyo wala hapana. Nasikia wapo wanawake wa zamani waliokataliwa hivi hivi mpaka njia ikafunguka. Walifanyaje? Na hili la kizazi lina ukweli?
Mama wa binti, Ujiji

Jibu: Marahaba, dada yangu. Mpe binti pongezi zangu.

Nianze na kizazi, maana naona ndicho kinachokukosesha usingizi. Hakiharibiki kwa mbio. Mji wa mimba umeshikwa na kano imara ndani ya nyonga, umezungukwa na mifupa, na mtikisiko wa kukimbia hauufanyi lolote. Tena sijawahi kumsikia bibi yeyote wa Ujiji akimzuia mjukuu kupandisha mlima na ndoo ya lita 20 kichwani kwa kuhofia kizazi. Lipo jambo moja la kweli linalopakana na hofu hiyo. Nitalifikia, na nitalisema wazi, kwa sababu likipuuzwa linamdhuru msichana.

Lakini bibi usimcheke. Maneno hayo hakuyatunga yeye. Miaka mia iliyopita yalisemwa na madaktari wa Ulaya na Marekani, na viongozi wa michezo wakayatungia sheria. Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyeanzisha Olimpiki ya kisasa, hakutaka wanawake washindane. Mfaransa mwenzake, Alice Milliat, aliomba riadha ya wanawake iingizwe, akakataliwa. Mwaka 1922 akaandaa michezo yake mwenyewe jijini Paris na kuiita Olimpiki ya Wanawake. Wakubwa waliumizwa na hilo jina kuliko mbio zenyewe! Baada ya kuvutana sana wakakubali: kwenye Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928 wanawake watapewa mashindano matano ya riadha, basi, na jina la Olimpiki Milliat aliache.

Moja kati ya hayo matano lilikuwa mita 800. Fainali ilikuwa na wasichana tisa. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, rekodi ya dunia. Wa pili alikuwa Kinue Hitomi wa Japani, mtu wa mbio fupi, ambaye aliikosa fainali ya mita 100 akaona asirudi kwao mikono mitupu, akajitosa kwenye 800 asiyoizoea. Walimaliza wote tisa. Walihema, wengine wakajilaza kwenye nyasi, jambo ambalo kila mwanamume aliyewahi kukimbia mita 800 kwa nguvu zake zote analifahamu. Kesho yake magazeti yakaja na hadithi nyingine kabisa. Mwandishi mmoja wa Marekani alieleza kwamba aliwaona wanawake 11 wa kutia huruma, watano wakaacha njiani na watano wakaanguka baada ya kumaliza. Hesabu yake imezidi hata idadi ya waliokuwa uwanjani.

Hadithi hiyo ndiyo iliyoaminiwa. Mita 800 ikafutwa, na kuanzia 1932 hadi 1956 mwanamke hakukimbia zaidi ya mita 200 kwenye Olimpiki. Ilirudi Roma, mwaka 1960. Miaka 32 imepotea kwa habari ya gazeti. Hiyo mita 1500 aliyoshinda binti yako, wanawake waliianza Olimpiki mwaka 1972 tu, na nadhani wakati huo bibi alikuwa tayari binti mkubwa. Kwa hiyo alilelewa katika dunia ambayo hata waliosoma waliamini anachokiamini yeye.

Marathoni ilichelewa zaidi. Mwaka 1966 Bobbi Gibb, msichana wa Marekani, aliomba namba ya kukimbia Boston Marathon. Akajibiwa kwa barua kwamba maumbile ya mwanamke hayawezi umbali huo. Akajificha kwenye vichaka karibu na mstari wa kuanzia, amevaa kaptura ya kaka yake na sweta la kofia, wanaume walipopita akachomoka akaingia katikati yao. Alimaliza kwa saa 3 na dakika 21, akiwa mbele ya wanaume wengi. Mwaka uliofuata Kathrine Switzer alijiandikisha kwa herufi za mwanzo za majina yake, K. V. Switzer, akapewa namba 261. Mmoja wa wasimamizi, Jock Semple, alipogundua kuna mwanamke mwenye namba, alishuka kwenye gari la waandishi akamrukia katikati ya barabara ili amnyang'anye ile namba. Picha ya tukio hilo ipo. Binti akiitafuta kwenye simu ataipata. Hiyo mwonyeshe mumeo. Switzer naye amesimulia mara nyingi jinsi watu walivyoamini kwamba mwanamke akikimbia mbali kizazi kitadondoka. Maneno ya bibi, neno kwa neno, Marekani!

Boston ilifungua mlango rasmi mwaka 1972. Olimpiki ikaweka marathoni ya wanawake mwaka 1984, Los Angeles, akashinda Joan Benoit kwa saa 2:24:52. Baadaye Benoit alizaa watoto wawili.

Na hapo ndipo hoja ya kizazi inapokwisha yenyewe. Fanny Blankers-Koen wa Uholanzi alikwenda London mwaka 1948 akiwa na umri wa miaka 30 na watoto wawili. Alipokea barua za kumsema akae nyumbani alee. Akarudi na dhahabu nne. Na kwa jirani zetu hapa, Faith Kipyegon wa Kenya, mwenye mbio hizo hizo za mita 1500, alishinda Olimpiki ya 2016, akajifungua mtoto wa kike mwaka 2018, akarudi akashinda Tokyo na Paris. Mwaka 2025 alivunja tena rekodi yake ya dunia, dakika 3:48.68. Aliikimbia akiwa mama.

Sasa umeuliza walifanyaje. Wengi hujibu kwamba walikuwa na moyo wa chuma. Sikatai, ila moyo wa chuma peke yake haupandishi mtu basi. Ukizisoma habari zao kwa utulivu unakuta karibu kila mmoja alikuwa na mtu mmoja wa karibu aliyesimama upande wake wakati wengine wote wanatikisa kichwa. Bobbi Gibb, babake aliona amechanganyikiwa. Mamake ndiye aliyewasha gari akampeleka hadi kwenye mji unaoanzia mbio. Switzer alikuwa na Arnie Briggs, mzee msambaza barua aliyekuwa akimfundisha. Huyo naye mwanzo alikataa kwamba mwanamke anaweza marathoni, mpaka alipomwona kwa macho yake mazoezini; baada ya hapo akaingia naye barabarani, na siku ya Semple alikuwa ubavuni mwake.

Anayenigusa zaidi ni mama yake Wilma Rudolph, mkimbiaji mweusi wa Marekani. Wilma alizaliwa Tennessee mwaka 1940, mtoto wa 20 kati ya 22 wa baba yake, akapata polio akiwa mdogo, mguu mmoja ukalegea. Hospitali ya mji wao haikuwa ya watu weusi. Mama yake, mfanyakazi wa ndani, akawa anampakia basi kila wiki kwenda Nashville, karibu kilomita 80, kwenye hospitali iliyowapokea, tena wakikaa viti vya nyuma kama sheria za ubaguzi zilivyotaka. Madaktari wakamfundisha namna ya kuukanda ule mguu, naye akawafundisha watoto wakubwa, wakawa wanapokezana kuukanda nyumbani kila siku. Mtoto alivaa chuma cha mguu miaka kadhaa. Mwaka 1960, Roma, akachukua dhahabu tatu: mita 100, mita 200 na kupokezana vijiti. Aliporudi, mji wake ulitaka kumpokea kwa sherehe ya kubagua rangi, yeye akasema hiyo hataihudhuria. Wakafanya ya pamoja, ya kwanza ya namna hiyo katika mji ule.

Kwa hiyo, dada, kabla ya kutafuta hoja za kumshinda mama mkwe, jua kwamba katika habari hii kuna nafasi ya mtu mmoja, na aliyeniandikia ni wewe.

Nije kwenye mavazi. Nawal El Moutawakel wa Moroko alishinda mita 400 kuruka viunzi mwaka 1984, mwanamke wa kwanza wa Kiislamu kutoka Afrika kuchukua dhahabu ya Olimpiki. Mfalme Hassan wa Pili alimpigia simu, akaagiza watoto wa kike waliozaliwa siku hiyo waitwe Nawal. Mwenzake wa Algeria, Hassiba Boulmerka, hakupokewa hivyo na wote. Baada ya kushinda ubingwa wa dunia wa mita 1500 mwaka 1991 alilaaniwa hadharani kwa kukimbia miguu wazi, akatishiwa maisha, ikabidi afanye mazoezi nje ya nchi. Mwaka 1992 akashinda Olimpiki ya Barcelona.

Lakini nakushauri habari za hao wawili usimpelekee bibi. Wote walikimbia na bukta. Utakuwa umemthibitishia hofu yake. Mpelekee ya Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain, aliyekimbia amejifunika kichwa, mikono na miguu kwenye Olimpiki ya 2004 na 2008, na mwaka 2006 akashinda mita 200 kwenye Michezo ya Asia. Mita 200! Kama nguo ndefu ingekuwa inamzuia mtu, ingemzuia kwenye mbio fupi. Sheria za riadha hazimlazimishi mtu bukta. Mpira wa miguu ulikawia: FIFA iliruhusu hijabu rasmi mwaka 2014, na Nouhaila Benzina wa Moroko akawa wa kwanza kuivaa kwenye Kombe la Dunia la wanawake mwaka 2023.

Kinachosumbua ni kitambaa. Mabinti wengi hukimbia na mtandio wa kawaida uliobanwa kwa pini. Pini inachomoka, inamchoma shingo, na mtandio wa pamba ukilowa jasho unakuwa mzito na kushika masikio. Mpeleke kwa fundi, atumie kitambaa cha jezi, kile chepesi cha matundu madogo. Ashone kofia inayovutika, yenye lastiki nyuma ya shingo, iishie juu ya mabega ili aiingize ndani ya fulana. Pini hata moja isiwepo. Chini avae taiti nyeusi inayofika kifundo cha mguu, juu yake bukta pana. Na sidiria ya michezo, tafadhali, inayobana vizuri. Wasichana wengi wenye kipaji nimewaona wakianza kukunja mabega na kukwepa mazoezi wakiwa na miaka 14 au 15, mwalimu anasema wamekuwa wavivu, kumbe wanaona aibu na kifua kinauma.

Kwetu Tanzania njia hii ilianzwa mapema kuliko wengi wanavyojua. Theresia Dismas alishinda medali ya fedha ya kurusha mkuki mwaka 1965 kwenye Michezo ya Afrika, Brazzaville, na ndiyo inayohesabiwa medali ya kwanza ya kimataifa kwa nchi hii. Filbert Bayi, mkimbiaji wetu maarufu, alikuwa bado hajajulikana. Jina la Bayi kila mtoto wa shule analijua, na ni haki yake. La Theresia waulize walimu wa michezo kumi uone. Mwaka 1980 Mwinga Mwanjala na Nzaeli Kyomo walikimbia Olimpiki ya Moscow. Twiga Stars, timu ya taifa ya soka ya wanawake, wakafika fainali za Afrika mwaka 2010, na mwaka 2022 mabinti wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, wakaingia robo fainali ya Kombe la Dunia huko India baada ya kuwafunga Ufaransa. Septemba 2023 Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin Marathon kwa saa 2:18:41, rekodi ya taifa.

Kigoma tunajisifu kwa wachezaji mpira wa kiume tangu enzi na enzi, na kila mtaa una hadithi ya kijana aliyepanda treni akaenda kuchezea timu kubwa za Dar. Kwa wasichana, treni hiyo imekuwa ikiondoka bila wao, na wala si kwa sababu ya kizazi. Ni raba, ni nauli, ni kazi za jioni nyumbani, ni posa inayokuja kidato cha tatu. Tegla Loroupe wa Kenya, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza mwanamke kushinda New York Marathon mwaka 1994, alikulia Pokot Magharibi akikimbia kilomita 10 kwenda shule, na baba yake hakuona faida ya mbio kwa mtoto wa kike. Hayo ndiyo yanayofanana na yetu.

Sasa lile jambo la kweli. Msichana akifanya mazoezi makali huku anakula kidogo, mwili unaanza kubana matumizi, na kitu cha kwanza kukatwa ni hedhi. Siku zake zinaruka, halafu zinakoma. Watu wakiona hivyo wanasema, si tulisema mbio zinaharibu uzazi? Kilichozikomesha ni njaa. Akilishwa vizuri na kupunguziwa mazoezi kwa muda, kwa kawaida zinarudi. Wapo makocha wanaomwambia mzazi kwamba kukosa hedhi ni dalili ya kuwa fiti. Kocha wa hivyo mkimbie, maana homoni zikishuka mifupa inadhoofika, na binti wa miaka 16 anaweza kuvunjika mguu bila kuanguka. Weka kalenda ya siku zake. Zikikosekana miezi mitatu mfululizo, au akifika miaka 15 hajaanza kabisa, mpeleke kwa daktari.

Chakula chetu hakina kasoro, tatizo ni kiasi na saa. Ugali wa muhogo unashibisha lakini peke yake haujengi. Ongeza dagaa, wasipungue. Maharage, samaki wa migebuka wakipatikana, mboga za majani zilizokamuliwa limao ili madini ya chuma yafyonzwe vizuri. Chai ya rangi asinywe pamoja na chakula, inazuia chuma hicho. Angoje saa moja. Shuleni wengi wanakwenda tumbo tupu halafu wanaitwa mazoezini saa kumi jioni, na hapo ndipo wanapoanguka. Mfungie hata viazi au mihogo ya kuchemsha. Kabla ya kambi apimwe wingi wa damu na malaria, kwa sababu huku kwetu mtoto akianza kuchoka bila sababu mara nyingi ni moja ya hayo mawili. Na mwaka mmoja au miwili ijayo muda wake unaweza kusimama au kurudi nyuma, kwa kuwa mwili unabadilika. Msimgombeze. Huwa unashuka tena.

Limebaki la bibi mwenyewe. Nimewasikiliza bibi wengi, na ninavyoona mimi kizazi ni mlango tu wa kuingilia kwenye mazungumzo. Anachoogopa hasa ni mjukuu kulala nje ya nyumbani, na watu asiowajua, na wanaume wanaopuliza filimbi. Katika hilo bibi ana haki, tena kuliko sisi tunaoshangilia. Wapo mabinti walioharibiwa kwenye kambi na watu wazima waliokabidhiwa kuwalea, na hakuna medali inayolipa hilo.

Kwa hiyo nenda shuleni na mumeo, siyo peke yako. Ulizeni matroni ni nani, na kama atalala kwenye bweni la wasichana au nyumba ya pili. Ulizeni nani anaruhusiwa kuwakanda misuli wakiumia. Jibu sahihi ni mwanamke, na mlango ukiwa wazi. Mazoezi ya alfajiri wanakimbia kwa kundi au mmoja mmoja? Binti ataweza kukupigia simu kila jioni bila kuomba kwa kocha? Taulo za kike zipo kambini au abebe zake? Kama timu itakwenda kitaifa, maana Tabora wamewahi kuwa wenyeji na huko ni safari ya kulala njiani, nani anakaa na wasichana kwenye behewa? Mwalimu mzuri hatachukia maswali haya. Akichukia, umepata jibu, na binti abaki akifanya mazoezi ya shule mwaka huu.

Ukiridhika, mchukue bibi siku moja ya mazoezi, uwanja wowote mnaotumia, akae kivulini aone. Asihubiriwe. Mumeo ndiye atakayesaini fomu ya ruhusa ya mzazi, na nadhani itamwia rahisi zaidi mama yake akiwa ameshamwona mjukuu akikimbia amejisitiri, na amesalimiana na huyo matroni ana kwa ana. Kwa fundi chagueni rangi ya hijabu iliyo nyepesi, nyeupe au samawati, kwa sababu michezo hii huangukia mwezi wa sita, kiangazi, na mita 1500 mara nyingi zinawekwa jua likiwa kali. Raba ziwe kubwa kidogo mbele ya vidole, na azizoee nyumbani wiki mbili kabla ya kwenda nazo kambini.